Maisha ya Herman Melville, baharia aliyetumika juu ya kupata pa kulala



Juma hata juma vijana wanapita ku biro yetu ya sendika. Wengine wametoka mbali, na mufuko mumoja tu ku mugongo. Tukiwauliza wanalipwa ngapi, wanatujibu kwamba mukubwa wa kazi anawapa fasi ya kulala na chakula, feza itakuja nyuma. Tukiwauliza kontra iko wapi, wanacheka. Sisi hatuwachekelei, sababu wakati wa ujana wetu tulipita ile njia. Tulitumika miezi mitano kwa mukubwa mumoja wa kuchimba mawe, tukilala mu hangari yake. Siku ya hesabu akafungua kaye yake, akatoa kulala, akatoa unga, akatoa buti. Iliyobakia haikutosha hata nauli ya kurudia nyumbani.

Ndiyo maana leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja anayejulikana dunia nzima, aliyepita mu mambo hayo hayo zaidi ya miaka 180 iliyopita, ku visiwa vya bahari kubwa ya Pasifiki. Jina lake Herman Melville. Wasomi wanamujua juu ya kitabu chake cha nyangumi mweupe, Moby-Dick. Sisi tunamupenda zaidi juu ya ile karibu miaka minne aliyozunguka bila feza, akiuza nguvu ya mikono yake juu ya sahani ya chakula na kitanda.

Mutoto wa baba aliyeanguka

Melville alizaliwa New York, tarehe 1 mwezi wa nane, mwaka 1819. Baba yake, Allan, alikuwa anauzisha vitambaa vizuri na vitu vya Ufaransa. Nyumba ilikuwa kubwa na watumishi walikuwamo. Lakini ile nyumba ilisimama juu ya madeni. Mwaka 1830 biashara ikaanguka, jamaa ikahamia muji wa Albany. Mwezi wa kwanza wa 1832 baba akakufa, akamwachia mama watoto wanane. Herman alikuwa na miaka 12 tu.

Wakamutosha ku masomo, wakamuweka karani mudogo mu banki. Kisha akatumika mu shamba la baba mukubwa, kisha mu magazini ya kaka yake aliyekuwa anauzisha kofia za ngozi. Mwaka 1837 shida ya feza ikapiga Marekani yote, ile magazini nayo ikafungwa. Herman akafundisha watoto mu mashule ya vijiji. Akajifunza kazi ya kupima udongo, akitumaini kupata kazi ku mufereji mukubwa wa Erie. Kazi haikupatikana.

Ninyi mulio na mutoto nyumbani mwenye diplome yake ndani ya sanduku, munajua maana ya ile hali. Kijana anaamka asubui, anavaa vizuri, anatembea, anarudi mangaribi bila kitu. Mama hamuulizi tena.

Mwaka 1839, akiwa na miaka 19, Herman akaingia mu meli ya mizigo, St. Lawrence, akaenda Liverpool mu Uingereza. Mu meli alikuwa mu cheo cha chini kabisa, yule anayesafisha na kutumwa na kila mutu. Alirudi ile ile mwaka. Akafundisha tena, na mushahara wake haukulipwa wote. Mwaka 1840 akaenda mpaka Illinois, ku mangaribi ya inchi, kutafuta kazi kwa ndugu. Hakuna kitu. Njo hapo akageuka ku bahari tena, na mara hii ku meli za nyangumi.

Kontra ya moja juu ya 175

Ile wakati mafuta ya nyangumi yaliwasha mataa ya miji mikubwa na kulainisha mashini za viwanda. Ilikuwa sawa na shaba na kobalti yetu leo: watu wa mbali wanapata mwangaza, na mwenye kuchimba anabakia mu giza. Muji wa New Bedford, ku pwani ya Marekani, ulitajirika juu ya ile mafuta. Meli moja iliweza kuzunguka bahari miaka mitatu ao minne mbele ya kurudi nyumbani.

Siku ya Noeli ya 1840 Melville akatia sahihi ku kontra ya meli mupya iliyoitwa Acushnet. Tarehe 3 mwezi wa kwanza 1841 ikaondoka.

Wasomaji wetu, muangalie vizuri ile kontra. Mu meli za nyangumi hakukuwa mushahara wa mwezi. Kila mutu alipewa sehemu ya faida ya safari. Melville aliandikiwa sehemu moja juu ya 175. Maana yake, meli ikirudi na mapipa 175 ya mafuta, thamani ya pipa moja ni yake, na ile kisha wenye meli wametosha gharama zao. Mukubwa wa meli alikuwa na sehemu kubwa, kisha wasaidizi wake, kisha wenye kurusha mukuki. Baharia mupya alikuwa ku mwisho.

Mbele ya kuondoka walimupa avanse ya dola 84. Kwa mutu asiye na kitu, ile ilikuwa feza nyingi. Lakini avanse ni deni. Na ndani ya meli kulikuwa sanduku la duka: shati, tumbako, kisu, viatu. Ukikamata kitu, wanaandika. Nguo ikipasuka katikati ya bahari, hakuna duka ingine, bei ni ile wanayotaka wao. Mabaharia wengi walirudi kisha miaka mitatu, wakafanyiwa hesabu, wakakuta wamebakia na feza kidogo sana ao wao ndio wanadaiwa. Tunaposema mu mikutano kwamba avanse inaweza kuwa kamba ya shingo, hatusemi jambo jipya.

Na kazi yenyewe? Unashuka mu mashua ndogo, unapiga kasia mpaka karibu ya mwili wa ule munyama mwenye kupita mashua yako mara nyingi kwa ukubwa, na yule wa mbele anarusha mukuki. Nyangumi akigonga mashua kwa mukia, yamekwisha. Akikufa, munamuvuta mpaka ku meli, munakata mafuta, munayapika mu vyungu vikubwa vya chuma juu ya meli yenyewe, usiku na muchana, kwa zamu. Moto, moshi na harufu vinaingia mu nguo na mu nywele. Mwenye kutumika ku furu za kuyeyusha shaba hana haja ya kuelezewa zaidi. Chakula kilikuwa nyama ya chumvi na mukate mukavu mugumu kama jiwe.

Kukimbia ku Nuku Hiva

Kisha mwaka mumoja na nusu, mu mwezi wa sita wa 1842, Acushnet ikafika ku Nuku Hiva, kisiwa kimoja cha Marquesas. Ilikuta meli za vita za Ufaransa ku bandari: amiri Dupetit-Thouars alikuwa ametoka kuvikamata vile visiwa kwa jina la mufalme wake.

Tarehe 9 mwezi wa saba, Melville na rafiki yake Richard Tobias Greene, waliyemuita Toby, wakashuka inchi kavu na hawakurudi mu meli. Walipanda milima wakiwa na mukate kidogo na tumbako ndani ya shati. Kwa sheria ya siku zile, kukimbia meli ilikuwa kosa la kufungwa, na sehemu yako ya mafuta inapotea yote. Lakini wengi wa wale waliotoka na Melville walifanya vilevile, mumoja leo, mwingine kesho, ku bandari hii na ile. Wakati watumishi wanakimbia namna ile, na huku nyuma wanaacha feza yao ya miaka, hautafuti ubaya ndani yao tu. Unatafuta ndani ya kazi.

Mvua iliwanyeshea mu milima, na Melville akaumia muguu. Mwishowe wakashuka mu bonde la watu wa Taipi. Waliambiwa mbele kwamba watu wa Taipi wanakula watu. Lakini wale Taipi waliwapa matunda ya shelisheli, nazi, samaki, fasi ya kulala, na mutu wa kumubeba Melville ku mugongo akitaka kwenda kuoga mu muto. Walimulisha bila kumutumikisha. Kwa kijana aliyezoea kupimiwa kila kitu, ile ilikuwa ajabu kubwa.

Hata hivyo hakukuwa huru. Toby alitoka kwenda kutafuta dawa ya muguu, na hakurudi. Melville akabakia peke yake, wakimupenda na kumuchunga. Pa kulala palikuwa pazuri, lakini mulango wa kutokea haukuwa mu mukono wake. Mu kitabu alichoandika kisha, alisema alikaa mule miezi minne. Tarehe za meli zinaonyesha kwamba ilikuwa mwezi mumoja. Tunamusamehe: mwandishi naye anatafuta mukate. Tarehe 9 mwezi wa nane 1842 akaondoka mu meli ingine ya nyangumi iliyokosa watu, Lucy Ann, kutoka Australia.

Mugomo ku Tahiti

Lucy Ann ilikuwa meli mugonjwa. Mukubwa wake alilala kitandani, mutu wa pili alipenda pombe, na mabaharia wengi walikuwa na homa na vidonda. Walipofika mbele ya Papeete, muji mukubwa wa Tahiti, mukubwa akabebwa inchi kavu kutibiwa. Lakini mabaharia wakaambiwa wabakie ku bahari, meli izunguke inje ya bandari wakiingojea afya yake. Wakubwa waliogopa kwamba wakiona inchi watakimbia.

Watu wakakataa. Mu kitabu chake Omoo, Melville anaeleza namna waliandika barua ya malalamiko kwa balozi mudogo wa Uingereza: majina yaliwekwa kwa muzunguko kama gurudumu, ili hakuna anayeonekana wa kwanza. Ile ni akili ya zamani ya mabaharia. Sisi wa sendika tulipoisoma tulitazamana, sababu kila mukubwa akipata barua, neno la kwanza analotafuta ni jina la juu. Yule njo anafukuzwa kesho.

Balozi hakuwasikiliza. Alikuwa hapo juu ya kulinda meli na wenye mali. Karibu watu kumi waliokataa kazi wakatiwa minyororo mu meli ya vita ya Ufaransa, Reine Blanche, kisha wakapelekwa inchi kavu ku boloko waliyoiita boloko ya Waingereza. Melville aliungana nao. Ile ilikuwa mwisho wa mwezi wa tisa 1842, siku zile zile ambazo amiri Dupetit-Thouars alimulazimisha malkia Pomare wa Tahiti kukubali ulinzi wa Ufaransa. Kwa hiyo ku bandari ile ile, malkia alikuwa anapoteza inchi yake na mabaharia walikuwa wanapoteza uhuru wao.

Boloko yenyewe ilikuwa nyumba ya majani, na muti murefu wenye matundu ya kufunga miguu. Muchungaji wao alikuwa muzee wa pale, mutu wa moyo mwema. Muchana aliwaachia wakatafute machungwa, mangaribi wanarudi wenyewe. Mu mwezi wa kumi Lucy Ann ikapata watu wengine, ikaenda. Hawakuhukumiwa, hawakulipwa, hawakurudishwa nyumbani. Waliachwa ku pwani.

Tumeufikiria sana ule mugomo. Walikuwa na haki, walikuwa na umoja, hata barua waliandika. Iliyokosa ni mutu wa kuwasemea inje ya meli. Hawakuwa na ndugu ku bandari, wala sendika, wala munganga wa kuandika kwa ukweli kwamba ni wagonjwa. Mugomo unaobakia ndani ya shimo, bila sauti juu ya udongo, unachoka peke yake.

Viazi vya Moorea

Sasa tunafika ku sehemu iliyotufanya tuandike hii habari. Melville na rafiki mupya kutoka ile meli, John Troy, mutu aliyejua kazi ya dawa, wakavuka usiku kwenda kisiwa jirani cha Moorea, ambacho siku zile kiliitwa Eimeo. Hawakuwa na feza, wala karatasi, wala viatu vizuri. Kule kulikuwa shamba la wageni wawili, mumoja Mwamerika na mumoja Mwingereza, waliokuwa wanalima viazi juu ya kuuzia meli za nyangumi. Mabaharia wakikaa muda murefu bila mboga, meno yanalegea na mwili unaoza. Kwa hiyo viazi vilikuwa na soko.

Wale wakulima wakawapa wale wawili fasi ya kulala, chakula na jembe. Kwa macho ya mutu wa mbali, ile ni maisha mazuri: kisiwa kizuri, minazi, bahari ya bluu, na kazi kidogo ya mikono. Hata leo kuna vijana wa Ulaya wanaozunguka visiwa vya joto namna ile, wanatumika saa chache kwa siku na hawalipi kitanda. Kwa mwenye tiketi ya kurudi mu mufuko ni muchezo mwema. Melville hakuwa na tiketi.

Aliamshwa mapema. Udongo ulikuwa mugumu, na mizizi ya kungoa ilijaa mule. Jua la saa sita lilikuwa la kuua, na usiku mbu hawakumupa amani. Mugongo uliuma. Rafiki yake alitafuta kila siku sababu ya kuketi chini ya muti. Kisha muda mufupi wakaona kwamba ile kazi haina mwisho na haina feza ya kutosha kuwapeleka popote. Chakula cha leo kinakupa nguvu ya jembe la kesho, jembe la kesho linakupa chakula cha kesho. Njo yote.

Hapa tuseme kwa haki. Wale wakulima hawakuwatesa. Walikula meza moja na watumishi wao, na siku walipolomba ruhusa ya kwenda, waliwaachia bila ugomvi. Shida haikuwa roho ya mutu, ilikuwa hesabu. Mutu anayepewa kulala na kula peke yake hawezi kutuma kitu kwa mama yake, hawezi kuweka akiba, hawezi kuugua. Na zaidi ya yote hawezi kuondoka, sababu kuondoka nako kunalombwa nauli. Wakazunguka kile kisiwa kwa miguu, wakilala kwa wenyeji, ambao waliwakaribisha bila kuwauliza kitu. Melville hakusahau ule wema, na mu vitabu vyake aliwatetea wale watu mbele ya wazungu wenzake waliowaita washenzi. Aliona mapema kwamba magonjwa na tamaa ya wageni vitawamaliza wengi, na ilikuwa vile.

Mwanzo wa mwezi wa kumi na moja 1842 akapata meli ya tatu ya nyangumi, Charles and Henry, ya Nantucket. Mukubwa wake alikuwa mutu muzuri, na kontra ilikuwa ya safari moja ya muda mufupi. Mwezi wa tano 1843 wakamuachilia ku Lahaina, visiwa vya Hawaii, kwa amani. Mara hii hakukimbia.

Kontra ya Honolulu

Kutoka Lahaina akafika Honolulu. Kule inasemwa alitumika kwanza kusimamisha miti mu nyumba ya muchezo, ile ambayo watu wanarusha mupira wa muti juu ya kuangusha miti kumi. Kisha, mu mwezi wa sita 1843, akatia sahihi kontra ya mwaka mumoja na mwenye duka: awe karani wa vitabu vya hesabu, alipwe dola 150 kwa mwaka kila kisha miezi mitatu, na juu ya hizo apewe chakula, kitanda na kufuliwa nguo.

Muilinganishe na Moorea. Pale alipewa kitanda badala ya mushahara. Hapa alipewa kitanda juu ya mushahara, na yote imeandikwa, na tarehe za kulipa ziko. Tunawalomba vijana wetu wakamate hii tofauti, sababu ndani yake kuna kazi yote ya sendika.

Lakini hakumaliza ile kontra. Mu ile mwezi wa sita, mukubwa wake wa zamani wa Acushnet alifika Lahaina akaandikisha mbele ya wakuu wa Marekani majina ya waliokimbia, na jina la Melville lilikuwamo. Na nyumbani kulikuwa mbali. Mwenye duka akamuachilia, na mwezi wa nane akaingia baharia wa kawaida mu meli ya vita iliyoitwa United States. Ile njo ilikuwa nauli yake ya kurudi: kutumika tena, zaidi ya mwaka mumoja, chini ya sheria za jeshi.

Sheria zile zilikuwa za fimbo. Mu muda aliokaa mule, zaidi ya mara 160 watu walifungwa na kupigwa mbele ya wenzao wote, waliolazimishwa kuangalia. Wengine walipigwa juu ya kosa la kulewa, wengine juu ya neno tu. Mwezi wa kumi 1844 meli ikafika Boston. Alikuwa na miaka 25. Alitoka bila kitu, alirudi karibu bila kitu, lakini kichwa chake kilijaa.

Kalamu kisha jembe

Nyumbani akaanza kuwasimulia dada zake. Wakamuambia aandike. Mwaka 1846 kitabu cha kwanza, Typee, kikatoka, na 1847 Omoo. Watu wengi wakasema ni uongo, baharia wa kawaida hawezi kuandika vile. Njo hapo Toby akaonekana. Hakukufa! Alikuwa mu muji wa Buffalo, anatumika kazi ya kupaka rangi nyumba na vibao. Akaandika ku gazeti kwamba yeye ndiye yule Toby, na kwamba mambo ya lile bonde ni kweli. Rafiki wa shida alirudi kuwa shahidi.

Mwaka 1850 akatoa White-Jacket, juu ya meli ya vita na fimbo zake. Wengine walikuwa wamepigana ile vita mbele yake, na kitabu kilifika katikati ya mapigano. Mwezi wa tisa wa ule mwaka, bunge la Marekani likakataza fimbo mu meli za serikali.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa sendika wanapaswa kulijua. Mwaka 1847 Melville alioa Elizabeth, binti ya Lemuel Shaw, mukubwa wa waamuzi wa Massachusetts. Mwaka 1842, ule ule ambao mukwe wake wa baadaye alifungwa ku Tahiti juu ya mugomo, muamuzi Shaw alikata hukumu ya watengeneza viatu wa Boston. Alisema kwamba watumishi kuungana mu sendika si kosa peke yake. Ile hukumu ilifungulia njia masendika ya Marekani. Lakini mwaka ule ule alikata ingine. Muendesha treni aliyepoteza mukono juu ya kosa la mutumishi mwenzake alinyimwa malipo na kampuni. Shaw alisema mushahara wake ulishahesabu ile hatari. Muamuzi mumoja, mwaka mumoja: mukono mumoja ulitupa, mukono mwingine ulitunyanganya. Wajane wa migodi wanajua hiyo ya pili ilidumu muda gani mu dunia.

Mwaka 1851 kikatoka Moby-Dick. Leo kinahesabiwa kati ya vitabu vikubwa vya dunia. Siku zile hakikuuzwa sana. Muchapaji wa Marekani alimulipa juu yake, maisha yake yote, karibu dola 556. Mwaka 1853 moto ukaunguza magazini ya muchapaji, na vitabu vyake vingi ndani. Vitabu vilivyofuata watu hawakuvitaka. Alikuwa na muke, watoto wanne, shamba na madeni, sawa na baba yake.

Miaka 19 ku duane

Mwezi wa kumi na mbili 1866 akapata kazi ya ukaguzi ku duane ya bandari ya New York: dola 4 kwa siku, siku sita kwa juma. Ile duane ilijulikana juu ya wizi na matabishi. Melville alitumika mule miaka 19, na waliomujua walishuhudia kwamba mukono wake ulibakia safi. Kila asubui alitembea mpaka ku bandari, akaangalia mizigo ya meli, akaandika. Usiku alitunga mashairi ambayo karibu hakuna aliyeyasoma. Watoto wake wawili wa kiume walikufa mbele yake, mumoja 1867, mwingine 1886. Aliacha kazi mwisho wa 1885, akiwa na miaka 66.

Alikufa tarehe 28 mwezi wa tisa 1891, ku New York. Magazeti yalisema maneno machache tu. Ku meza yake aliacha hadithi moja isiyochapwa, Billy Budd, ya baharia kijana anayenyongwa na sheria ya meli. Ilichapwa mwaka 1924, miaka 33 kisha kifo. Tangu hapo jina lake halikushuka tena.

Tulisoma haya maisha pole pole, mangaribi, kisha zamu. Hatuwaambii vijana wasitoke nyumbani. Melville asingekuwa yeye kama angebakia Albany akilia. Kutoka ni vizuri, kutumika kwa mikono ni heshima, na kulala kwa watu si haya. Lakini mbele ya kuweka mufuko chini, uliza mambo matatu. Kulala na kula viko juu ya mushahara, ao badala ya mushahara? Imeandikwa fasi gani? Na siku ukitaka kurudi, nauli iko kwa nani?

Mukikosa jibu la moja, mupite ku biro yetu kwanza. Mulango unafunguliwa kila siku kisha zamu ya muchana, na kuketi hapo hatulipishi.